Tangi Nisiloweza Kumtajia Mkwe

Kwa mama mkwe wangu nilikaa uani miaka minne, na katika miaka hiyo minne hakuniona hata siku moja nikielekea chooni. Nikibanwa, napita kwanza kwenye minazi, natazama juu kama mtu anayehesabu nazi, kisha nazunguka banda la mbuzi, nawajulia hali mmoja mmoja, ndipo naibukia mlango wa nyuma. Safari ya hatua ishirini ilikuwa inanichukua nusu saa. Kuna siku tumbo lilichafuka, mbuzi wale niliwasalimia mara tisa, ikafika mahali wakiniona wanakimbia.

Ndiyo heshima yetu watu wa Palma. Mbele ya mkwe mtu hali mpaka ashibe, hacheki mpaka meno ya nyuma, na mambo ya chooni hayataji kabisa, hata kwa kuzunguka. Sasa Mungu, kwa hekima yake, akamchukua mtu wa namna hiyo akamkabidhi tangi la choo.

Ilikuwa miaka ile gesi imepatikana baharini, na Palma imejaa wageni mpaka watu wanakodisha mabanda ya kuku, kuku wanahamia sebuleni. Mimi wakati huo nilikuwa nimemaliza darasa la kumi katika eskola ya usiku, nikapewa na setifikado. Kireno nilikiongea vizuri hivi kwamba Wareno wenyewe walikuwa wakiniomba nirudie. Kwa hiyo alipokuja mzee mmoja wa Afrika Kusini na mkewe, watu wa kupima udongo wa barabara, wakitafuta pa kuegesha nyumba yao, na katika lugha zetu wanajua Kireno tu, niliitwa mimi.

Nasema kuegesha nyumba kwa sababu ilikuwa na magurudumu. Rulote, inavutwa na gari. Ndani kuna kitanda, jiko, sinki, pazia la maua, na hatua mbili kutoka kwenye jiko, astaghafirullah, kuna choo. Mtu anakaanga yai huku mwenzake yuko kule, na wanaongea. Tuliwaita Sinyori na Sinyora, na hawakuwa watu wabaya, ila kwa jambo hilo tuliwahurumia.

Mama mkwe alikuwa na shamba la minazi njia ya Quionga, ndilo tulilokaa, lenye kisima cha maji matamu ambacho nusu ya kijiji walikitegemea. Sinyori akaomba sehemu, mimi nikafasiri, mama mkwe akafikiri siku mbili. Siku ya tatu alitoa jibu, lakini hakunipa mimi. Alimgeukia mama yake mzazi, bibi wa mke wangu, aliyekuwa amekaa mkekani anasuka ukili, na mimi nimesimama palepale nasikia kila neno.

"Mama," alisema, "mwambie mumeo wageni wake wakae. Lakini uchafu wao ukigusa kisima changu, au ukagusa chakula cha watu, wageni wataondoka, na yeye ndiye atawatangulia. Binti yangu atabaki hapa."

"Mume wangu umesikia?" bibi akaniuliza, jicho moja amelifumba. Kwa bibi mimi ni mume, ndio utani wetu, na kwa mume hakuna neno zito. Bibi alikuwa akiniuliza mambo ambayo hata daktari haulizi.

"Nimesikia, mke wangu."

"Basi ukifukuzwa tunafukuzwa wote. Mimi nikaolewe wapi tena na meno haya mawili?"

Mke wangu nampenda, nilisema wakati ule na nasema leo. Kwa hiyo tangi lile halikuwa tangi tu. Ilikuwa ndoa yangu.

Tangi lao walilokuja nalo lilipasukia njiani, maana barabara zetu zilikuwa zinapasua hata mawazo. Sinyori akanieleza wanachotaka: chombo cha kukinga uchafu chini ya rulote, kikijaa unakivuta mpaka shimoni, unamwaga, unakirudisha, na nyumba yenyewe haihami. Akasema ninunue lolote zuri. Nikapanda gari la mizigo hadi Mocímboa da Praia, kwa mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya Mtwara aliyekuwa na ghala karibu na bandari, aliyenunua vitu vya kambi za wageni. Kwake ungeweza kupata kuanzia kijiko mpaka helikopta, ila helikopta ilikuwa haijafika.

Alikuwa na matangi matatu ya kazi hiyo. La kwanza kubwa kama ndama wa kiboko, la pili la kiasi, la tatu dogo la kubeba kwa mkono kama sanduku la safari.

"Chukua kubwa, shemeji," alisema. "Mtu mzima anachukua kubwa."

Lakini mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na uzi mfukoni wenye mafundo mawili. Fundo la kwanza lilionyesha upana wa bomba la rulote, la pili urefu wa bomba kutoka mchangani. Tangi likiwa refu kuliko bomba, uchafu hautapanda mlima kwa kukuheshimu wewe. Kubwa nikalipima: limezidi fundo kwa vidole vitatu. Likaanguka mtihani wa kwanza.

"Chimba chini yake," alisema yule mfanyabiashara.

"Nichimbe kila siku?"

"Mchanga ni wako."

Dogo lilipita chini vizuri, lakini nilikuwa nimemwona Sinyori anavyokunywa chai. Lingejaa kabla jua halijafika utosini. Likabaki la kiasi, lenye magurudumu manne, kidirisha pembeni cha kuonyesha limefika wapi, na juu yake vifuniko viwili, kimoja kikubwa cha bomba na kingine kidogo kama kizibo cha soda. Kile kidogo sikuuliza ni cha nini. Mwenye setifikado haulizi kila kitu.

Nikasema silinunui bila kulijaribu likiwa limejaa. Nikalijaza maji ya bahari, nikalivuta kwenye mchanga wa bandarini mahali samaki wanaposhushwa. Wapagazi waliacha kazi. Nadhani hata samaki waligeuza vichwa.

"Kaka, umenunua punda?" mmoja alipaza sauti.

"Punda anatembea," mwenzake akamjibu. "Huyo kanunua jiwe."

"Mvute mkia!"

Nilivuta mpaka nikahisi mgongo unaandika barua ya kuacha kazi. Magurudumu yale yalikuwa madogo kama vitumbua, yametengenezwa kwa ajili ya nchi zenye sakafu kila mahali. Kwenye mchanga yalizama yote manne, tangi likakaa kitako. Hapo nikaelewa kwamba lita sitini za maji ni kilo sitini, na kilo sitini kwenye mchanga wetu ni tani. Nikamwambia yule mfanyabiashara angoe magurudumu hayo, aniwekee mawili ya toroli, mapana, ya mpira wa upepo. Akacheka, akaweka. Nikajaza tena, nikavuta kwa mkono mmoja, wa pili nimeupeleka kiunoni kwa maringo. Wapagazi wakapiga makofi. Yule wa punda akaniuliza kama naweza kumvuta na yeye mpaka kwake.

Nililirudisha shambani likiwa bluu, linang'aa, zuri kuliko vyombo vyote vya maji vya kijiji. Na hapo ndipo mambo yalipoanza. Mama mkwe alitoka jikoni, akalitazama kwa muda, akapapasa gurudumu kwa ncha ya kidole.

"Baba, nini hiki?"

Nijibuje? Kireno chote kilikuwa kichwani, Kiarabu cha madrasa kilikuwepo, lakini hakuna lugha duniani ambayo mtu anaweza kumjibia mkwe wake swali hilo.

"Tangi, mama."

"La nini?"

"La wageni, mama."

"Mashallah," akasema, akarudi jikoni. Nami nikapumua kama tairi.

Shimo nilichimba upande wa pili kabisa wa shamba, mbali na kisima, mteremko unapoelekea kwingine. Kazi yenyewe niliijua upesi. Unaunganisha bomba, unakaza, unafungua kwanza uchafu wenyewe, halafu maji ya kuoshea vyombo ili yasafishe bomba nyuma yake. Usiache lijae kupita robo tatu, kwa sababu njiani linacheza ngoma. Dawa ya harufu unatia kabla, siyo baada ya majirani kulalamika. Yote niliyafuata. Ila kumwaga tu ndiko kulikonishinda. Kila nikiliinamisha shimoni, lilikuwa linakoroma, linasita, linavuta pumzi, halafu linatema kwa ghafla, pwaa, mpaka kifuani. Miezi mitatu lilinitemea. Nilibadilisha upande wa kusimama, nilibadilisha mteremko, nilisoma dua. Nguo mbili nilizizika palepale shimoni. Nikawa naamini lina chuki na watu waliosoma.

Basi ikafika hitma ya marehemu baba mkwe, ya mwaka. Mama mkwe alialika watu wa Quionga wote, na wengine kutoka njia ya Pundanhar waliotembea siku nzima. Mwalimu wa madrasa atasoma baada ya Adhuhuri, kisha watu watakula. Mke wangu hakuwepo. Alikuwa Mocímboa kwa dada yake aliyejifungua. Sinyori na Sinyora walikwenda kupima udongo Pundanhar, wakaniachia ufunguo wa rulote nifagie, na tangi limejaa mpaka kidirisha hakionyeshi kitu. Nikasema nitalimwaga kesho. Kesho yake, siku yenyewe ya hitma, mapema nikatumwa Palma kufuata mchele uliopungua. Nikalisahau, nimekiri.

Nilirudi jua limepanda. Uani kumefungwa turubai kubwa, wanawake wengi, moshi, vicheko. Nikaenda moja kwa moja kwenye rulote. Tangi halipo.

Alama za magurudumu ya toroli zilikuwa wazi mchangani, pana, za kujivunia. Nikazifuata. Zilizunguka turubai, zikashika njia ya kisima. Nilipofika karibu na kisima zikapotelea kwenye nyayo za wanawake wenye ndoo. Nikageuka kuelekea jikoni, na nyuma ya wigo wa makuti nikaliona: limepinduliwa juu ya magogo mawili, limeoshwa, linachuruzika maji, kama pipa lolote lililokwisha kazi yake. Na mbele yake sufuria tatu za pilau, kila moja ingetosha kuogea tembo, zinatoa mvuke.

Kwetu siku ya shughuli chombo cha maji hakiombwi. Kilichoko uani ni cha shughuli, kinachukuliwa tu. Nilijua hilo tangu utoto. Na chombo kilichokuwa kizuri kuliko vyote uani, cha kuvutwa kwa mkono mmoja, nilikileta mimi, na nilipoulizwa nini hiki nilisema tangi.

Adhuhuri ilibaki kama saa moja. Nikamwona mama mkwe amesimama kando ya sufuria, mwiko mkononi. Nilimsogelea.

"Mama."

"Naam, baba."

"Lile... tangi."

"Naam?"

"Zuri," nikasema. "Zuri sana." Nikaondoka. Nakuapia, mdomo wangu wenyewe ulinikatalia.

Nikamkimbilia bibi. Alikuwa chini ya turubai anachambua mchele wa akiba niliouleta.

"Mke wangu, njoo upesi, nakufa."

"Kufa baada ya pilau, mume wangu."

"Ndiyo hiyo pilau!" Nikamnong'oneza sikioni mambo yote, tangi ni la nini, nini kilikuwa ndani jana, na maji ya sufuria yametoka wapi. Mabega ya bibi yakaanza kutikisika. Alicheka bila sauti mpaka ungo ukamwagika.

"Kwa hiyo miezi mitatu yote unavuta mavi ya Wazungu?"

"Bibi, tafadhali! Nenda kamwambie mwanao. Mimi siwezi."

"Nitamwambia. Lakini kwanza nikalie."

"Ukalie nini?"

"Kile choo cha ndani ya nyumba. Nimesikia kinakaliwa kama kiti cha enzi. Nitaulizwa ahera nimeona nini duniani, niseme nimeona minazi?"

"Bibi, watu watakula najisi!"

"Basi fanya haraka utie ufunguo."

Ningefanyaje? Nikampeleka. Akapanda ngazi akishikilia pazia, akapapasa jiko, akapapasa kitanda, akakaa juu yake akadundadunda mara mbili. Kisha akaingia kule, akafunga mlango. Mimi nje natazama kivuli cha mnazi kinavyofupika.

"Mume wangu!" sauti ikatoka ndani.

"Naam!"

"Laini!"

"Alhamdulillahi, bibi, toka sasa."

"Usinikimbize. Mtu hakimbizwi mahali kama hapa. Halafu kina kidirisha! Namwona mbuzi."

Aliongea na mbuzi. Aliuliza kama kuna redio. Nilipotaka kugonga kwa mara ya saba, mwadhini akaanza, na bibi akatoka anatembea kama mtu aliyetoka Hija. Bomba halikuwa na tangi chini yake, lakini nashukuru alikuwa amekaa tu kwa heshima, hakufanya lolote.

Watu walikwenda kuswali na mimi nikaenda nao. Dua niliyoomba siku ile sitaitaja. Tuliporudi na kisomo kikaanza, niliketi pembeni nikitazama jikoni kwa jicho la ubavu. Nikamwona bibi anamwendea mwanawe, anamvuta kando, anaongea sikioni. Mama mkwe akasikiliza. Hakupiga kelele, hakuangusha mwiko. Alijibu, kwa muda mrefu, macho chini. Halafu nikamwona bibi anashika mti wa wigo, anateleza taratibu, anakaa chini mchangani, kanga imefunika uso, mwili wote unatetemeka. Nikasema basi, analia. Nikaanza kuhesabu nguo zangu: shati tatu, suruali mbili, setifikado. Zingeingia kwenye mfuko mmoja.

Sahani zikaanza kutoka. Nikainuka nizizuie, liwalo na liwe, hata kama nitayasema mbele ya Mwalimu na mkwe na mji mzima. Bibi akanishika mkono katikati ya njia. Machozi yalikuwa yanamtiririka, ya kicheko.

"Kaa chini ule."

"Bibi, maji..."

"Maji yametoka kisimani kwa ndoo, kama siku zote. Sikiliza ulivyoambiwa. Anasema: mwambie mumeo, dude lake lilijaa tangu jana. Wageni wanaingia, yeye yuko Palma. Ningeliacha likae karibu na watu wanaokuja kumwombea marehemu? Nimelivuta mwenyewe mpaka shimoni, nimemwaga. Turubai liliziba njia, ndio maana nimezungukia kisimani, lakini halikudondosha hata tone. Nimeliosha kwa mchanga na majivu kulekule shimoni, mara saba, nikaja kulianika."

Mama mkwe wangu. Kwa mikono yake.

"Kumbe anajua?"

"Tangu siku ya kwanza. Mtu ana macho. Aliuliza kwa adabu tu, akijua huwezi kujibu. Na kuna neno jingine." Bibi alilazimika kushusha pumzi. "Anasema: mwambie afungue kile kifuniko kidogo cha juu kabla ya kumwaga. Hewa ikipata pa kuingia, halitemi. Miezi mitatu namtazama mtoto wa watu anatemewa, na sina jinsi ya kumwambia."

Nilikula sahani tatu. Mbele ya mkwe, mpaka nikashiba. Nadhani ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza, na hakuna aliyenitazama vibaya.

Sikumshukuru. Ningemshukuru kwa maneno gani? Nilimnunulia doti ya kanga, nikampa bibi ampe. Akapokea, akasema "Ahsante, baba" kupitia kwa mama yake, na hakuuliza ya nini. Wageni walikaa hadi kazi yao ya barabara ilipokwisha, na mimi sikutangulia mtu.

Siku ya tatu baada ya hitma Sinyori alikuwa amerudi na tangi limejaa tena. Nikalivuta hadi shimoni, nikafungua kile kifuniko kidogo, nikaliinamisha. Likamwaga taratibu, kimya, kama chai kutoka kwenye birika. Hata tone moja halikunirukia. Nilitaka kupiga kelele za furaha.

Nilipoinua uso nikamwona mama mkwe, mbali kidogo, kati ya minazi. Amesimama, mikono nyuma, anatazama juu kwa makini sana, anahesabu nazi. Nami nikatazama juu haraka, nikaanza kuhesabu za upande wangu. Tulihesabu hivyo kwa muda mrefu, kila mtu na minazi yake, na nazi zote zilikuwa zimeanguliwa wiki ile kwa ajili ya hitma.